Tuwafundishe Watoto Kula Vizuri na Kuushughulisha Mwili

Ndugu wazazi na walimu, tuitazame siku ya mtoto wetu wa pwani. Asubuhi yuko shule, ameketi. Alasiri yuko madrasa, ameketi. Usiku ana kazi za shule, kisha simu. Muda wa kukimbia ni mchache, na kwa wengi wa watoto wa kike haupo kabisa. Katikati ya hayo anakula alichonunua getini: chipsi, barafu na juisi ya rangi.

Shirika la Afya Duniani (WHO) linashauri watoto wa miaka 5 hadi 17 wapate kwa wastani dakika 60 kila siku za harakati zinazopandisha mapigo ya moyo. Si lazima ziwe mfululizo. Kwenda shule kwa mwendo wa haraka, kucheza rede na kuruka kamba, vyote vinahesabika.

Shirika hilo pia linataka sukari inayoongezwa kwenye vyakula na vinywaji isizidi asilimia 10 ya nishati ya siku. Kwa mtu mzima ni kama gramu 50. Soda ya mililita 300 huwa na takriban gramu 30, hivyo mtoto mdogo anakaribia kumaliza kiwango chake kwa chupa moja.

Tuwafundisheje?

1. Kwa macho. Mwalimu atie vijiko 7 vya sukari kwenye glasi ya maji mbele ya darasa. Somo hilo halisahauliki.

2. Kwa sahani. Nusu iwe mboga na matunda, robo wali au ugali, robo maharage, dagaa au samaki. Mchicha na embe la msimu havihitaji utajiri.

3. Kwa kiasi. Watoto wetu wanajua mafundisho ya Mtume (s.a.w.) ya kuligawa tumbo: theluthi ya chakula, theluthi ya kinywaji na theluthi ya pumzi. Basi tusimlazimishe aliyeshiba kumaliza sahani. Tumpakulie kidogo, aongeze akitaka.

4. Kwa mchezo. Madrasa itenge dakika 15 kabla ya darasa. Wasichana wapewe ua wenye sitara na mavazi yanayoruhusu kukimbia. Imepokewa kwamba Mtume (s.a.w.) alishindana mbio na mkewe Bibi Aisha (r.a.), kwa nini binti zetu waambiwe kukimbia si kwao?

5. Kwa heshima. Mtoto mnene asichekwe wala asipewe majina. Aibu humfanya ale kwa kujificha na aukimbie mchezo.

Mwisho, mtoto hufuata anachokiona. Baba akishushia kila mlo kwa soda, maneno ya mwalimu hayatafika mbali. Tuanze na mtungi wa maji safi mezani na matembezi ya jioni pamoja nao. Miili yao ni amana mikononi mwetu, na amana huulizwa.

Wallahu a'lam.