MSUMENO UFAAO KWA KUKATA AKRILIKI

Bamba la akriliki, ile plastiki ngumu ing'aayo mfano wa kioo, limeingia katika nyumba nyingi za askari na polisi. Hufunika picha ya familia ukutani, huziba mlango wa kabati la vyombo, na kituoni hukinga matangazo yasirowe. Wala si kitu kigeni kwa majeshi: katika Vita Kuu ya Pili, marubani wa ndege za Spitfire za Uingereza walikaa chini ya kifuniko cha akriliki. Lakini bamba hilo lina bei, na mara nyingi huharibikia chini ya msumeno siku ile ile liliponunuliwa. Ufa mmoja ukianza ukingoni hutambaa hadi katikati, na fedha iliyotengwa katika mshahara ikapotea kwa dakika moja.

MAADUI WAWILI

Akriliki ina maadui wawili: kishindo na joto. Meno makubwa ya msumeno wa mbao huukamata ukingo na kuumega vipande. Meno madogo mno, au yaliyo butu, hayakati bali husugua. Msuguano huzaa joto, na akriliki huanza kulainika karibu na nyuzi 100 za Selisiasi. Hapo unga wake hunata kama utomvu, hujaza nafasi zilizo baina ya meno, na mkato huweza kugandana tena nyuma ya msumeno. Kwa hiyo bapa lifaalo ni lile ambalo meno yake si makubwa hata yapige, wala si madogo hata yasugue.

KWA NGUVU YA MKONO

Nyumbani hutosha msumeno wa kukatia chuma. Kanuni ni kwamba wakati wote meno matatu hivi yawe ndani ya unene wa bamba. Bamba la milimita 3 lataka bapa la meno 24 au 32 kwa kila inchi. La milimita 6 lafaa kwa meno 18. Bapa liwe jipya, kwani lililokwisha kukata nondo limepoteza ukali.

Karatasi iliyobandikwa juu ya bamba isibanduliwe kabla ya kazi, maana huzuia mikwaruzo. Bamba libanwe baina ya vipande viwili vya mbao, karibu kabisa na mstari, lisitetemeke. Msumeno ulazwe kidogo na kuvutwa polepole bila kukandamizwa. Nyufa nyingi hutokea mwishoni; basi mke, mume au mtoto mkubwa akishike kipande kinachokaribia kuanguka.

Kwa mstari ulionyooka katika bamba la milimita 3 au pungufu, msumeno hauhitajiki. Mstari hukwaruzwa mara kadhaa kwa ncha kali ya kisu, kisha huwekwa juu ya ukingo wa meza, na upande unaoning'inia husukumwa chini mara moja.

KWA UMEME

Mwenye msumeno wa duara achague bapa lenye ncha za kabaidi. Kwa bapa la kipenyo cha milimita 250, meno 60 hadi 80 yanafaa, tena yasiinamie mbele sana, kwani yakiinama hivyo hunyakua bamba. Bapa lichomoze kidogo tu juu ya bamba. Kwa msumeno mwembamba wa umeme uendao juu na chini, mwendo upunguzwe na meno yawe madogo. Bamba likianza kunusa na unga kunata, kazi isimamishwe mpaka bapa lipoe.

Miwani ya kinga ni lazima, na watoto wakae mbali, kwa kuwa vipande vya akriliki ni vikali na hurukia machoni.

Baada ya kukata, ukingo hulainishwa kwa tupa, kisha kwa msasa uliolowa maji. Kusafisha ni kwa maji ya sabuni na kitambaa laini. Petroli na spiriti zisitumike kamwe. Huleta nyufa ndogo ndogo mfano wa utando wa buibui.

Bapa jipya la mkono ni rahisi kuliko bamba zima. Aanzaye kwa kulinunua hilo huokoa fedha ya nyumba yake, na mwenda pole hajikwai.