Sirene Ikilia Kwenye Chuo Kikuu

Ndugu mwanafunzi, wewe unayesoma chuo kikuu kule Goma, jibu swali hili kabla ya kusoma mbele. Sirene ikilia saa hii, nawe uko ndani ya kelasi, miguu yako itaenda upande gani? Kama jibu halikuja mara moja, soma mpaka mwisho.

Sirene haisemi mambo mengi. Inasema paka neno moja: hatari iko, tafuta habari. Basi acha vitabu, toka na wenzako bila kusukumana, sikiliza redio na wakubwa wa chuo. Lava ya Nyiragongo inafuata materemko kama mayi. Ukikimbia bila kujua inashuka wapi, unaweza kuikimbilia wewe mwenyewe.

Na hapana kungojea sirene tu. Tarehe 22 Mei 2021 mlima ulipasuka jioni, wala onyo halikutangulia. Watu waliona mbingu nyekundu, wakatoka mbio. Katika hesabu ya kwanza ya serikali wafu walikuwa 15. Angalia vizuri: 9 walikufa kwa ajali barabarani wakikimbia, na 2 kwa kuungua. Watoto zaidi ya 150 walipotezana na wazazi wao. Kwa hiyo leo, si kesho, patana na jamaa yako fasi ya kukutana, na kila mtoto ajue jina la baba na mama na la kartie yao.

Rangi za onyo la volkano ni nne. Kijani, kaa na kazi yako. Manjano, fungua masikio. Rangi ya machungwa, funga mzigo. Nyekundu, toka. Mzigo uwe mdogo: mayi ya kunywa, dawa unazomeza kila siku, karte ya utambulisho, tochi, blanketi. (Televizyo ibaki!) Tarehe 27 Mei 2021 kartie 10 za Goma kati ya 18 ziliambiwa kuondoka, na watu wengi sana walijaa Sake na ngambo ya Rwanda. Fasi kama hizo kolera inakuja haraka, juu ya mayi machafu. Chemsha mayi, hata kama kuni ni kidogo.

Hatari nyingine inangoja wakati wa kurudi. Lava inayoonekana nyeusi ingali na moto na gazi chini yake. Mwaka 2021 watu walikufa kwa kukosa pumzi walipokatisha juu yake. Mwaka 2002, siku chache baada ya lava kuingia mjini tarehe 17 Januari, makumi ya watu walikufa esanse ilipolipuka kwenye stesheni, nao walikuwa wanaichota.

Kisha mazuku. Ni gazi isiyo na rangi, nzito kuliko hewa, inalala katika mashimo. Ukiona mbuzi amekufa fasi ya chini, usimuokote. Mwenzako akianguka humo, usishuke kumfuata, hata kama ni ndugu yako wa tumbo moja. Piga makelele, watu walete kamba.