Msumbiji: Paa Hung'olewa, Haliangushwi

Safari hii ukurasa wetu wa Nchi Jirani unavuka mto Ruvuma kwenda kwa wenzetu wa Msumbiji. Huko msimu wa vimbunga huanza Novemba na kumalizika Aprili, na mwenye nyumba ya bati pwani ya nchi ile hutazama juu mapema.

Wana sababu. Usiku wa tarehe 14 Machi 2019 kimbunga Idai kiliingia karibu na Beira, mji wa bandari na reli, kwa upepo uliopita kilomita 160 kwa saa. Zaidi ya watu 600 walikufa nchini Msumbiji kwa upepo na kwa mafuriko yaliyofuata. Shirika la Msalaba Mwekundu lilikadiria kuwa asilimia 90 ya mji na vitongoji vyake imeharibika. Wiki sita baadaye, tarehe 25 Aprili, kimbunga Kenneth kikapiga Cabo Delgado, mkoa unaopakana na Mtwara. Desemba 2024 mkoa huohuo ukapigwa tena na Chido, na zaidi ya watu 100 wakapoteza maisha. Anayedhani mambo haya ni ya ng'ambo ya mto tu, akumbuke kwamba Lindi ilipigwa Aprili 1952, na Mafia ilifikiwa na Hidaya Mei 2024.

Mafuriko yana habari yake. Leo tuseme juu ya paa.

Wengi wetu tunadhani upepo huliangusha paa. Sivyo. Upepo wa nguvu ukipita juu ya bati hulivuta kwenda juu. Ukipenya ndani kwa mlango au dirisha lililofunguka, hulisukuma kutoka chini. Nguvu hizo mbili zikishirikiana, paa hung'oka. Kazi huanzia pembeni: kwenye ukingo, kwenye pembe, kwenye kilele. Bati la kwanza likiinuka, upepo umepata njia, na mengine hufuata. Bati linaloruka usiku ni panga.

Kwa hiyo paa halihitaji uzito, linahitaji kufungwa. Wapo wanaopanga mawe na matofali juu ya bati, huko Msumbiji na hata kwetu. Jiwe huzuia upepo wa kawaida, lakini kimbunga hulitupa, likamwangukia mtu. Mifuko ya mchanga ni nafuu, ikiwa imeunganishwa kwa kamba imara inayopita juu ya paa lote na kufungwa chini pande zote mbili. Mfuko uliowekwa tu, bila kamba, ni jiwe jingine.

Sasa panda ngazi utazame misumari. Msumari wa bati wenye kofia hupigwa juu ya mgongo wa wimbi la bati, si bondeni, ambako maji hupita na kutu huanza. Katikati ya paa misumari yaweza kuachana kidogo, lakini ukingoni na kileleni iwe karibu karibu, angalau kila wimbi la pili. Ukiwa mrefu wa kutosha kutokeza upande wa chini wa mbao, ukunje ncha yake. Msumari uliokunjwa hautoki upesi. Ulioshika kutu, au unaotikisika ukiugusa kwa mkono, ng'oa upige mwingine, na tundu la zamani lizibwe.

Hata hivyo msumari mzuri hausaidii kama mbao zenyewe hazikushikwa. Hapa ndipo mafundi wa haraka hutuponza. Huweka kenchi juu ya ukuta, hupiga misumari miwili ya mshazari, basi. Bati litashika mbao, mbao hazitashika nyumba, na paa zima litaondoka kwa kipande kimoja. Kila kenchi ifungwe kwa waya mnene au ukanda wa chuma unaoshuka na kushikwa ndani ya ukuta, mistari kadhaa ya matofali chini. Kwa nyumba ya miti na udongo, kenchi ifungwe kwenye nguzo iliyochimbiwa ardhini. Wenye makuti nao wakaze kamba na kubadilisha zilizooza. Paa la baraza lijitegemee, kwa kuwa huwa la kwanza kwenda, na likiwa limeungana na la nyumba huondoka nalo.

Wenzetu hao wana utaratibu mmoja wa kuigwa. Kamati za vijiji hupandisha bendera: ya buluu, kimbunga chaweza kufika kati ya saa 24 na 48, ya njano, ndani ya saa 24, nyekundu, ndani ya saa 6. Siku ya buluu bado unaweza kukaza waya na kukata matawi yaliyoinamia nyumba. Siku ya nyekundu hakuna kupanda juu. Funga milango na madirisha, na kama nyumba ni dhaifu nenda shule au jengo lolote imara mapema. Upepo ukinyamaza ghafla, msitoke. Huenda hicho ndicho kitovu cha kimbunga kinachopita, na baada ya muda upepo hurudi ukitokea upande wa pili.

Limebaki suala la nyumba za kambi mashambani. Paa lile ni la mwajiri, ingawa watoto wanaolala chini yake ni wetu. Mkataba wa Shirika la Kazi Duniani juu ya mashamba makubwa, wa mwaka 1958, umeweka sehemu nzima ya makazi ya wafanyakazi. Tunashauri kila tawi litembeze wajumbe wake nyumba kwa nyumba mnamo Septemba, waandike namba ya nyumba, mabati yaliyolegea na kenchi zisizofungwa, kisha orodha ifike kwa meneja kwa maandishi, na nakala ibaki tawini. Asidai mtu kwamba kazi hii ni ghali. Waya wa kufungia kenchi ni rahisi kuliko bati jipya, na baada ya kimbunga kila mtu hutafuta bati siku hiyohiyo. Orodha ikifika Septemba, fundi ana wiki kadhaa za kiangazi za kufanya kazi juu ya paa kavu.