Seli Shina za Kiinitete: Protini, Uhai na Dhamiri

Waamini wengi hutuuliza iwapo Mkatoliki aweza kupokea tiba itumiayo seli shina. Ili kujibu swali hili, yatupasa kwanza kuelewa seli hizo ni nini na zinaongozwa na nini.

Siku chache baada ya mimba kutungwa, kiinitete huwa na fungu dogo la seli ambazo bado hazina kazi maalumu: zaweza kuwa moyo, mfupa, damu au ubongo. Hizo ndizo seli shina za kiinitete. Kila moja hubeba maagizo yote ya urithi katika vinasaba vyake, mfano wa kitabu kizima. Seli inapogeuka kuwa ya ini au ya ngozi, kwa kawaida hakuna ukurasa unaochanwa. Baadhi hufunguliwa na nyingine hufungwa.

Wanaofungua na kufunga kurasa hizo ni protini. Tatu kati yake, yaani Oct4, Sox2 na Nanog, hushika sehemu maalumu za vinasaba, zikiwasha jeni zinazoidumisha seli katika hali yake ya mwanzo na kuzima zile zinazoisukuma kuchukua kazi. Tena hutegemezana, kila moja ikichochea kutengenezwa kwa nyingine. Kipimo nacho kina uzito wake: katika seli za panya, Oct4 ikipungua mno, seli huelekea kuwa za kondo la nyuma; ikizidi, hushika mkondo mwingine. Uwiano huo ukivunjwa na ishara zinazotoka kwa seli jirani, protini nyingine hupokea zamu. MyoD, kwa mfano, huiongoza seli kuwa msuli.

Mwaka 1998, James Thomson wa Marekani alifaulu kukuza maabarani seli shina zilizotolewa katika viinitete vya binadamu. Viinitete hivyo viliharibiwa ili seli zipatikane. Hati ya Kanisa *Dignitas Personae* ya mwaka 2008 yafundisha kwamba kutoa seli shina katika kiinitete kilicho hai husababisha kifo chake, na hivyo ni kosa zito kimaadili, hata nia ikiwa ni kuponya.

Elimu ya protini hizo hizo ndiyo iliyofungua njia nyingine. Mwaka 2006, Shinya Yamanaka na Kazutoshi Takahashi wa Chuo Kikuu cha Kyoto, Japani, waliingiza katika seli za ngozi ya panya jeni za protini nne: Oct4, Sox2, Klf4 na c-Myc. Seli zile zikarudia hali inayofanana na ya mwanzo. Mwaka 2007 walifaulu kwa seli za mtu mzima, na mwaka 2012 Yamanaka alitunukiwa Nobel pamoja na John Gurdon. Hata hivyo tahadhari yahitajika, kwani c-Myc yaweza kuchochea saratani.

Basi, Kanisa halikatai tiba ya seli shina kwa jumla. Seli za mtu mzima na damu ya kitovu iliyochukuliwa wakati wa kujifungua zaruhusiwa, mradi mtoaji asidhurike vibaya. Mzazi ambaye mtoto wake ana selimundu, naye ameshauriwa apandikiziwe uboho wa ndugu yake, asisumbuke dhamiri. Lakini tunapopendekezewa tiba mpya, tumwulize daktari bila woga: seli hizi zimetoka wapi? Na jibu lisipoeleweka, tumwendee paroko kabla ya kutia sahihi.