Simu ya mkononi yaweza kumsaidia mwenye sonona, iwapo kuna mtu upande wa pili

SONONA haipimwi kwa damu wala kwa eksirei. Hutambuliwa kwa maswali, na hiyo ndiyo sababu mojawapo iliyowafanya wataalamu wa afya ya akili waitazame simu ya mkononi kuwa njia ya kuwafikia wagonjwa walio mbali na hospitali, wakiwamo wakazi wa Kata ya Masakta, wilayani Hanang, mkoani Manyara.

Maswali yanayotumika sana ni tisa, yajulikanayo kama PHQ-9, nayo yamekwishatafsiriwa kwa Kiswahili. Mhusika huulizwa ni mara ngapi katika wiki mbili zilizopita amekosa usingizi, ameishiwa nguvu, amepoteza hamu ya mambo aliyoyapenda au amejiona hafai. Kila jibu hupewa alama kuanzia 0 hadi 3, na jumla ya 10 au zaidi kwa kawaida humaanisha kwamba anapaswa kuonwa na mtaalamu.

Swali la tisa huhusu mawazo ya kufa au kujidhuru. Hapo ndipo ugumu unapoanza, kwani simu inaweza kuuliza hilo saa nane za usiku, lakini haiwezi kwenda kumgongea mlango aliyejibu "karibu kila siku".

Kwa Hanang suala hili si la nadharia. Desemba 3, 2023 maporomoko ya matope kutoka Mlima Hanang yaliukumba mji wa Katesh na vijiji jirani, yakaua zaidi ya watu 80. Huzuni ya msiba si ugonjwa, na wafiwa wengi hupata nafuu kadiri siku zinavyopita. Kwa baadhi, hata hivyo, huzuni hiyo hugeuka sonona, pengine wakati misaada imekwishakoma na wageni wameondoka.

Shirika la Afya Duniani (WHO) lilitengeneza programu ya hatua tano iliyojaribiwa nchini Lebanon kwa Walebanoni na wakimbizi wa Syria. Mtumiaji hufuata hadithi ya mtu aliyepitia hali kama yake, kisha hupanga kazi ndogo ndogo za siku. Kwa mkulima huenda ikawa kupalilia tuta moja la maharage au kumtembelea jirani. Mantiki yake ni kwamba mgonjwa asisubiri hamu irudi ndipo atende. Atende kidogo, hamu ifuate.

Matokeo yaliyochapishwa 2022 yalionyesha kuwa sonona ilipungua, ingawa wengi waliacha kabla ya kumaliza. La kuzingatia ni kwamba watumiaji hao hawakuachwa peke yao: kila wiki msaidizi aliyefunzwa aliwasiliana nao kwa muda mfupi.

Nchini Kenya, katika utafiti uliochapishwa 2020, wajawazito na waliojifungua walijaribu mfumo wa kompyuta uitwao Zuri, uliozungumza nao kwa ujumbe mfupi. Mfano huo unafaa zaidi vijijini kuliko programu zenye picha na video, kwa kuwa hata simu ndogo, maarufu kama "kitochi", hupokea ujumbe bila kuhitaji bando.

Vikwazo vingine havitatuliwi na fundi wa kompyuta. Wazee wa Kiiraqw na Kibarbaig wasiosoma Kiswahili hawatafaidika na maandishi. Simu inayotumiwa na familia nzima haitunzi siri, ijapokuwa Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inazihesabu taarifa za afya kuwa nyeti. Tena programu huweza kutoweka: Woebot ya Marekani, iliyokuwa miongoni mwa zilizosifiwa mno, ilifungwa Juni 30, 2025.

Kwa mkazi asiye na simu ya kisasa, Wizara ya Afya ina namba 199, isiyotozwa malipo, ambayo anayepiga hujibiwa na mtu. Mwenye mawazo ya kujidhuru asiachwe peke yake, bali asindikizwe kituo cha afya siku hiyo hiyo.