Kwa Nini Huwa Labor Day, na Kwa Nini Mji Ndio Unaotugombanisha

Kundi lolote la Waswahili wa Marekani na Kanada lililozaliwa kwenye simu hufika siku likataka kuonana ana kwa ana. Mmeshachangiana misiba na harusi, mnajuana kwa sauti, mnajua nani analala mapema na nani hutuma video za mahubiri saa tisa za usiku, lakini hamjawahi kupeana mkono. Basi mmoja anaandika, "Jamani, mwaka huu tukutane." Vikopa vinamiminika. Kisha anatokea mwenye haraka anaanzisha kura. Kura ya WhatsApp inakubali majibu hadi 12, naye anajaza yote 12 kwa majina ya miji. Kila mtu anachagua mji anaokaa. Baada ya wiki mbili hakuna anayeitaja tena habari hiyo, mpaka Januari nyingine.

Wazee wa kundi husema tatizo ni kukosa umoja. Sikubaliani nao. Tatizo ni kwamba tunapigia kura mambo ambayo watu wengine walishatuamulia zamani: Bunge la Marekani, mwezi mwandamo, anayepanga zamu kwenye nyumba za kulea wazee, na afisa wa uhamiaji. Ukishajua kila mmoja wao aliamua nini, kura inabaki na majibu mawili au matatu tu.

Tuanze na tarehe, maana ndiyo nyepesi. Marekani haina sheria ya shirikisho inayomlazimisha mwajiri wa sekta binafsi kutoa likizo yenye malipo. Anayelipwa kwa saa hana siku za kuchezea. Alicho nacho ni wikendi, na wikendi ikiongezewa Jumatatu kwake ni utajiri. Wikendi hizo ndefu zilitungwa. Mwaka 1968 Bunge lilipitisha sheria ya kusogeza sikukuu kadhaa ziangukie Jumatatu, ikaanza kutumika 1971. Memorial Day, iliyokuwa tarehe 30 Mei hata ikiwa Jumatano, ikahamia Jumatatu ya mwisho ya Mei. Rais Lyndon Johnson alipoitia saini alisema jamaa wanaokaa mbalimbali watapata nafasi ya kuwa pamoja. Sidhani alikuwa akiwafikiria Wakisii wa Minnesota, lakini ndio wanaofaidi.

Labor Day haikuhitaji kusogezwa. Tangu ilipofanywa sikukuu ya shirikisho mwaka 1894 imekuwa Jumatatu ya kwanza ya Septemba. Na hapa ndipo wenzetu wa Toronto, Ottawa na Edmonton wanapoingia, kwa sababu Kanada nayo iliitambua sikukuu hiyo mwaka huohuo wa 1894, kwa Jumatatu ileile. Sikukuu nyingine za majira ya joto zinapishana. Victoria Day ya Kanada hutangulia Memorial Day. Mwaka huu wa 2026 moja ni tarehe 18 Mei na nyingine 25 Mei. Kanada husherehekea tarehe 1 Julai, Marekani tarehe 4. Jumatatu ya kwanza ya Agosti mikoa mingi ya Kanada hupumzika na Marekani hufanya kazi. Iko Jumatatu ya pili ya Oktoba ambayo nchi zote mbili zimeiandika kwenye kalenda: Kanada ni Thanksgiving, Marekani ni Columbus Day. Lakini upande wa Marekani siku hiyo hufunga benki, posta na ofisi za serikali. Maghala na viwanda vya kuku havina habari nayo. Kwa hiyo kundi lenye watu wa pande zote mbili za mpaka lina wikendi moja tu ndefu ya kweli kabla ya baridi.

Kuna kalenda nyingine ambayo kamati zetu huikumbuka ikiwa imechelewa. Mwaka wa Kiislamu ni mfupi kuliko huu wa kawaida kwa siku kama 11, kwa hiyo Ramadhani inarudi nyuma kila mwaka na kuzunguka misimu yote kwa miaka kama 33. Mwaka 2008, 2009 na 2010 Labor Day iliangukia ndani ya mfungo. Mwaka 2017, 2018 na 2019 ikawa zamu ya Memorial Day. Unaweza kufanya sherehe ya Waswahili mchana wa Ramadhani, hakuna askari atakayekuzuia, lakini nusu ya meza itakuwa imekaa inatazama nusu nyingine ikila, na wapishi watatu wakiwa wamefunga sijui nani ataonja chumvi ya pilau. Mwaka huu mfungo ulikuwa Februari na Machi, hauna shida. Idi ya kuchinja ndiyo inayotarajiwa kama tarehe 27 Mei, siku mbili tu baada ya Memorial Day. Mwenye familia hawezi kusafiri Jumamosi, arudi Jumatatu usiku, kisha Jumatano awe amevaa kanzu na mbuzi yuko tayari. Labor Day itabaki salama kwa mfungo mpaka mwanzoni mwa miaka ya 2040, na kufikia hapo wengi wetu tutakuwa tumeshawaachia watoto kazi hii.

Juni na nusu ya Julai mwaka huu msizifikirie kabisa. Kombe la Dunia linaanza tarehe 11 Juni na kuisha tarehe 19 Julai, na miongoni mwa miji 16 inayolipokea imo Toronto, Atlanta, Dallas na Houston, yaani ileile inayoongoza kwenye kura zetu. Bei za vyumba wiki hizo si za watu wanaotaka kula mishikaki bustanini.

Hata hivyo, Labor Day ina ugonjwa wake, na anayeujua vizuri ni aliyefanya kazi ya kutunza wagonjwa. Sehemu kubwa ya kundi lolote la namna yetu ni manesi, wasaidizi wa manesi na walezi wa wazee. Huko Jumatatu ya sikukuu haimaanishi mapumziko. Utaratibu wa sehemu nyingi ni kuzigawa sikukuu kubwa sita mafungu mawili: Memorial Day, tarehe 4 Julai, Labor Day, Thanksgiving, Krismasi na Mwaka Mpya. Ukifanya tatu, unapumzika tatu, na mwaka unaofuata mnabadilishana. Maana yake ni kwamba kwa kila manesi wawili kwenye kundi, mmoja anaweza kuwa kazini Labor Day hata mkimpigia magoti. Tena mwajiri wake akiwa analipa mara moja na nusu kwa saa za sikukuu, naye ana karo ya mdogo wake kule Morogoro, anaweza kuwa aliiomba zamu hiyo mwenyewe.

Ratiba za zamu nazo hutoka wiki kadhaa kabla, na maombi ya mapumziko hufungwa kabla ya hapo. Kundi linalotangaza tarehe mwezi Juni kwa ajili ya Septemba limeshawapoteza manesi, na manesi ndio wanaolipa michango kwa wakati. Tarehe itangazwe kabla ya Machi kwisha, na shughuli kubwa iwe Jumamosi, isiwe Jumapili, ili mwenye zamu ya Jumatatu alfajiri awahi kurudi. Madereva wa malori wana mahesabu yao mengine. Hao nimewahi kuwaona wakiomba mzigo wa kuelekea upande wa mkutano, wakafika na lori lenyewe.

Sasa mji, ambako ndiko kwenye kazi. Kwa kawaida kamati hufanya hesabu ya wengi: tupo wangapi wapi, nauli shilingi ngapi. Hesabu hiyo huleta majina yaleyale. Washington na vitongoji vya Maryland, kwa sababu balozi zipo huko na Watanzania na Wakenya wamejaa. Dallas na Houston. Minneapolis. Columbus. Atlanta, yenye uwanja wa ndege wenye abiria wengi kuliko wote duniani. Louisville na Lexington huko Kentucky, ambako Wakongo waliokuja kwa mpango wa wakimbizi wamefanya Kiswahili kiwe lugha ya kusikika kwenye foleni za dukani. Hesabu ya wengi ni nzuri kwa harusi, ambako bibi harusi ana mji wake. Kwa kundi letu inaficha jambo: haiulizi nani hawezi kuvuka mpaka.

Hapa wengi hukosea wakidhani makaratasi ya nchi hizi mbili ni sawa. Mwenye Green Card ya Marekani, hata pasipoti yake ikiwa ya Tanzania, Kenya au Kongo, anaingia Kanada kutembea bila viza, mradi ana kadi hai na pasipoti hai. Kinyume chake si kweli. Mkazi wa kudumu wa Kanada mwenye pasipoti hiyohiyo ya Tanzania anatakiwa kuomba viza ya Marekani kama vile angeomba akiwa nyumbani kwao Tandika, kwa foleni, mahojiano na ada isiyorudishwa. Zamani wakazi wa Kanada waliotoka nchi za Jumuiya ya Madola walisamehewa viza hiyo. Msamaha ukaondolewa mwaka 2003. Kisha yakaja matangazo ya rais. Juni 2025 Burundi iliwekwa kwenye orodha ya nchi ambazo raia wake wanasimamishiwa viza za matembezi na masomo, na kuanzia tarehe 1 Januari 2026 Tanzania nayo ikaongezwa. Kwa hiyo dada yetu wa Hamilton ambaye hana uraia wa Kanada wala viza aliyoipata zamani, mkimwambia tukutane Columbus mmemwambia asije.

"Basi twendeni Toronto," mtu atasema, na mara nyingi anayesema ana pasipoti ya bluu ya Marekani. Haraka hiyo nayo ina majeruhi. Mwomba hifadhi aliyeko Marekani, ambaye kesi yake haijaamuliwa, akitoka nje ya nchi bila kibali maalumu cha kutoka na kurudi anahesabiwa kuwa ameliacha ombi lake. Kibali chenyewe hakimhakikishii kuingia tena. Na hali ilivyo sasa, hata wenye Green Card wapo ambao mawakili wao wamewashauri watulie walipo. Hao hawatayaandika mambo haya kwenye kundi la watu 200. Wataandika "nitajitahidi, inshallah", na wiki ya mwisho watasema mtoto anaumwa. Ndiyo maana nasema swali la makaratasi lisiulizwe kwa kura. Aulize mtu mmoja anayeaminika, kwa simu, mmoja mmoja, na majibu asiyaandike popote.

Ukiweka makundi hayo mawili mezani, yule wa Hamilton asiyeweza kuingia na yule mwomba hifadhi wa Ohio asiyeweza kutoka, utaona hakuna mji mmoja unaowatosha. Kuna mto. Detroit na Windsor zimetenganishwa na maji ambayo upana wake haufiki kilomita moja; ukisimama ukingoni upande mmoja unasoma mabango ya upande wa pili. Daraja la Ambassador lilifunguliwa 1929, njia ya chini ya mto ikafuata 1930. Kutoka Toronto mpaka Windsor ni barabara ya 401, kama kilomita 370. Kutoka Columbus mpaka Detroit ni kama 320, Chicago kama 450, Louisville chini ya 600. Watu wa Minneapolis na Maryland wana safari ndefu zaidi, lakini inaendeshwa kwa siku moja mkipokezana usukani. Wa Texas watapanda ndege popote tutakapokwenda, wameshazoea.

Pendekezo langu ni shughuli mbili ndani ya wikendi moja. Jumamosi Michigan, Jumapili Windsor. Wenye uraia wavuke na sufuria zao, wenye Green Card wenye moyo nao wavuke, na asiyeweza kuvuka ana siku yake kamili upande wake badala ya kufanywa mtazamaji wa video. Upande wa Michigan msikae katikati ya Detroit, maana wikendi ya Labor Day kuna tamasha kubwa la jazi lisilo na kiingilio na vyumba hupanda bei. Nendeni Dearborn, dakika ishirini hivi kwa gari. Mji huo umejaa Waarabu, mabucha ya halali yako kila kona, na nyama ya mbuzi unakatiwa unavyotaka badala ya kubembeleza duka kubwa likuagizie. Lakini sufuria zivuke tupu. Nyama mbichi mpakani ina masharti yake, kwa hiyo Windsor wanunue yao.

Limebaki la malazi, na hapa fedha za makundi huteketea kimyakimya. Hoteli itawapa bei nafuu mkiahidi vyumba, tuseme 40. Someni mkataba. Mara nyingi kuna kifungu kinachosema msipojaza kiwango fulani, asilimia 80 kwa mfano, mtavilipia vilivyobaki wazi, na aliyetia saini ndiye atakayetafutwa. Kundi lisilosajiliwa halina akaunti wala mwanasheria. Lina mweka hazina, na jina lake ndilo lililopo kwenye karatasi. Kukodi nyumba kubwa kwa Airbnb mkafanye sherehe humo pia hakuwezekani: kampuni hiyo ilipiga marufuku sherehe mwaka 2020 kwa muda, na 2022 ikaifanya marufuku hiyo kuwa ya kudumu. Kila mtu alipe chumba chake kwa kadi yake. Kundi lilipie vitu viwili tu, banda la bustani ya umma lenye majiko ya kuchomea nyama, na ukumbi wa akiba wa kanisa au wa jumuiya ikinyesha.

Kwa Labor Day ya mwaka huu, tarehe 7 Septemba, mabanda ya bustani huanza kuchukuliwa mapema, na wa kwanza kulipa ndiye mwenye meza. Amana ya pande mbili itolewe na mifuko miwili, dola za Marekani kwa Michigan na dola za Kanada kwa Windsor, na kila upande uwe na mweka hazina wake. Tukichanganya sarafu hizo mbili kwenye mfuko mmoja, ugomvi wa mwakani hautakuwa wa mji tena.