Udhibiti wa Degedege Kali kwa Watoto katika Hospitali zenye Uhaba wa Vifaa: Kati ya Kutuliza Ubongo na Kulinda Pumzi

1.0 Utangulizi

Degedege ni miongoni mwa dharura zinazowafikisha watoto hospitalini katika maeneo ya Afrika Mashariki yenye malaria. Degedege linalodumu zaidi ya dakika tano, au linalojirudia kabla mtoto hajarejewa na fahamu, huhitaji kusitishwa kwa dawa. Penye chumba cha wagonjwa mahututi, daktari anaweza kuongeza dawa hadi degedege likome, kwa kuwa mashine itamsaidia mtoto kupumua endapo dawa itadhoofisha pumzi yake. Katika hospitali nyingi za wilaya mashine hiyo haipo. Makala haya yanafafanua namna tofauti hiyo inavyobadili uamuzi wa tiba.

2.0 Hatua Zinazotangulia Dawa

Mtoto hulazwa ubavu, njia ya hewa husafishwa, na oksijeni hutolewa ikiwapo. Hakuna kitu kinachopaswa kutiwa kinywani kwa lengo la kutenganisha meno. Hatua inayofuata ni kupima sukari ya damu, kwani upungufu wake huweza kusababisha degedege ambalo dawa za kutuliza haziwezi kulitibu. Ikiwa kiwango ni chini ya milimoli 2.5 kwa lita, mtoto hupewa mshipani glukozi ya asilimia 10, mililita 5 kwa kila kilo ya uzito. Pasipo kipimo, hutibiwa kana kwamba sukari imepungua. Mshipa usipopatikana, kijiko cha chai cha sukari iliyoloweshwa kwa matone ya maji huwekwa chini ya ulimi.

3.0 Dawa ya Kwanza na Mipaka Yake

Diazepamu hutolewa kwa njia ya haja kubwa, miligramu 0.5 kwa kilo, na huweza kurudiwa mara moja baada ya dakika kumi. Njia hii haihitaji mshipa, hivyo inafaa hata katika zahanati. Midazolamu inayowekwa ndani ya shavu ni mbadala wake: utafiti wa Mulago, Kampala, uliochapishwa mwaka 2008 na kuhusisha watoto 330, ulionesha kuwa tiba ilishindwa kwa takribani asilimia 30 ya waliopewa midazolamu, dhidi ya asilimia 43 ya waliopewa diazepamu. Hata hivyo, dawa zote mbili hudhoofisha upumuaji, na athari hiyo huongezeka kadiri dozi zinavyorudiwa.

4.0 Funzo la Kilifi

Uzito wa suala hili ulidhihirika Kilifi, Kenya. Katika utafiti wa Jane Crawley na wenzake uliochapishwa mwaka 2000, watoto 340 wenye malaria ya ubongo waligawanywa makundi mawili sawa. Kundi moja lilipewa sindano ya fenobabitali, miligramu 20 kwa kilo, ili kuzuia degedege. Jingine lilipewa dawa isiyo na kiambato. Watoto waliopata degedege mara tatu au zaidi walikuwa asilimia 11 katika kundi la fenobabitali, dhidi ya asilimia 27. Kwa kigezo hicho, dawa ilifaulu. Lakini vifo vilikuwa 30 dhidi ya 14. Kusimama kwa pumzi kulitokea zaidi katika kundi la fenobabitali, na hatari ya kifo ilikuwa kubwa zaidi kwa watoto waliokuwa wamepewa pia dozi tatu au zaidi za diazepamu.

Ikumbukwe kwamba utafiti huo ulihusu kinga, si tiba ya degedege linaloendelea. Kwa hiyo haukuiondoa fenobabitali katika orodha ya dawa za hatua ya pili. Ulichobainisha ni kwamba kukoma kwa degedege hakutoshi kuwa kipimo cha mafanikio pale ambapo hakuna njia ya kumsaidia mtoto kupumua.

5.0 Hitimisho

Hivyo basi, pasipo mashine, kuhesabu dozi ni sehemu ya tiba. Dozi iliyotolewa zahanati kabla ya rufaa sharti iandikwe na iambatane na mtoto, la sivyo hospitali itaanza hesabu upya na kuzidisha kipimo. Baada ya kila dozi, muuguzi hana budi kuhesabu pumzi, akiwa na mfuko na barakoa ya kupulizia hewa kando ya kitanda. Wakati huohuo chanzo kitibiwe, iwe ni malaria au homa ya uti wa mgongo, kwa kuwa dawa ya degedege haikitibu.